Tulishamalizana

Neno hilo niliambiwa nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuna aliyenikaribisha kiti. Nilikuwa nimekwenda ofisini kwa mwakilishi wetu kuuliza habari za zahanati iliyoishia usawa wa lenta. Fedha zake zilitengwa, tena mara mbili. Ubao wa mradi ulisimama pale barabarani mpaka rangi ikapauka, na ndani ya kuta majani yalikuwa yameota hadi kufika magotini. Msaidizi wake, kijana mwenye adabu, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua droo, akatoa daftari nene, akapitisha kidole kwenye orodha ya majina, kikasimama mahali. Akaligeuza nilione. Jina langu, sahihi yangu, na tarehe ya wiki moja kabla ya uchaguzi.

"Kaka," akasema, bila ukali wowote, "wewe si tulishamalizana?"

Sikuwa na jibu siku ile. Niliondoka nikiwa nimeona haya kiasi kwamba sikurudi tena, na nadhani hilo ndilo daftari lilikuwa limewekewa.

Bahasha niliipokea, sikatai. Tulipanga foleni nyuma ya ukumbi baada ya mkutano, watu wazima wenye akili zetu, kila mmoja akitaja jina na kuweka sahihi. Nilijiambia mambo mawili. Kwanza, hizi ni fedha zetu wenyewe zinaturudia kwa mlango wa nyuma, kuziacha ni ujinga. Pili, huyu nilishaamua kumpigia tangu zamani, kwa hiyo bahasha haitabadili kitu. Na kweli, kura yangu haikubadilika. Ndiyo maana ilinichukua miaka kuelewa yule bwana alinunua nini kwangu.

Alinunua safari yangu ya kwenda ofisini kwake miaka miwili baadaye.

Tumezoea kusema mwanasiasa ananunua kura. Lakini kura ni ya siri. Ukiwa peke yako kwenye kituturi, hakuna anayejua umeweka alama wapi, na mnunuzi anajua hilo vizuri kuliko sisi. Mbona basi anatoa fedha kwa kitu asichoweza kuhakikisha amekipata? Ziko sababu nyingine, najua: kuwatoa watu majumbani, kuwaonyesha kwamba ana uwezo. Lakini lipo moja analolipata kwa hakika, nalo ni kunyamaza kwako. Unapompa mtu kura unamkabidhi mali ya wote kwa muda maalumu, na muda wote huo wewe ni mdai na yeye ni mdaiwa. Akikulipa mkono kwa mkono siku ya kampeni, deni limekwisha kabla halijaanza. Dawa ya deni ni kulipa, na yeye kalipa. Kiwango kilikuwa kidogo mno, lakini tulikikubali na tukakitia sahihi.

Nikisema hivi kuna wanaonikasirikia, na hasira yao ina haki. Mwenye kuiba ndiye mwizi. Aliyepitisha zabuni hewa, aliyeidhinisha malipo ya barabara isiyokuwepo, aliyegawa kazi ya umma kwa kampuni ya shemeji yake, hao ndio wakosaji wa kwanza, na sitaki neno langu hata moja liwapunguzie mzigo. Tena ziko nchi ambako kura hupigwa huku na matokeo huandikwa kule, na mwenye kuuliza hutafutwa usiku. Huko, kumlaumu mpiga kura ni kumpiga aliyekwisha kuanguka. Upo na umaskini. Mama aliyekuwa mbele yangu kwenye ile foleni alikuwa amembeba mtoto mwenye homa. Kwake, bahasha ile huenda ilikuwa kitu cha kwanza ambacho mtu wa serikali aliwahi kumwekea mkononi. Mimi sikuwa na mtoto mgonjwa. Mimi nilikuwa na uwezo wa kukataa, na ni watu wa namna yangu ninaosema nao hapa.

Ziko pia chaguzi zisizo na chaguo. Mwaka 1991, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, Edwin Edwards, gavana wa zamani aliyekuwa ameshawahi kushtakiwa kwa ufisadi na kuachiwa, alipambana kwenye duru ya mwisho na David Duke, aliyewahi kuwa kiongozi wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi wa rangi. Watu walibandika kwenye magari yao maneno ya kuomba kura kwa ajili ya mwizi, kwa kuwa jambo lenyewe ni zito. Edwards akashinda. Mwaka 2000 alipatikana na hatia kwenye kesi iliyohusu leseni za kasino, akaja kufungwa. Waliompigia siku ile siwezi kuwalaumu, ningefanya kama wao. Mtu akichagua shari ndogo kwa macho wazi, anajua kabisa nani wa kumchunga kuanzia siku ya kuapishwa.

Wengi wetu hatuko Louisiana ya mwaka ule. Tuna wagombea watatu au wanne, tunawajua, tunajua nani kala nini, na bado tunaamua tunavyoamua.

Uingereza iliwahi kumwadhibu mpiga kura mwenyewe, na kisa hicho kimenikaa kichwani. Miji ya Sudbury mwaka 1844 na St Albans mwaka 1852 ilinyang'anywa viti vyake bungeni kwa sababu rushwa ya uchaguzi ilikuwa imezidi. Mwaka 1872 ikaja kura ya siri, na wengi wakatumaini kwamba biashara ile ingekufa, kwani nani atanunua asichokiona? Haikufa. Uchaguzi wa 1880 uliandamwa na kesi za hongo, na kufikia 1885 Macclesfield na Sandwich nazo zilikuwa zimefutiwa viti. Kilichokuja kuibana biashara ile kwa kweli ni sheria ya 1883, iliyomwekea mgombea kikomo cha matumizi na adhabu ya kuogopesha. Adhabu ya kuufutia mji mzima uwakilishi ilikuwa na dhuluma ndani yake: asiyepokea aliadhibiwa pamoja na aliyepokea, na wanawake, ambao hawakuwa hata na kura ya kuuza, walipoteza sauti ya mji wao vilevile. Hata hivyo wale wabunge waliona jambo ambalo leo tunaona aibu kulitamka, kwamba soko haliwi na upande mmoja.

Lugha yetu inatusaidia kujificha. Tuna chai, kitu kidogo, asante, nauli, ya maji. Tunao hata msemo wa wazee, penye udhia penyeza rupia, na wengi wetu tuliufundishwa darasani bila mtu kutuuliza rupia hiyo inatoka kwa nani. Nchini Tanzania neno takrima liliingizwa kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000, mgombea akaruhusiwa kuwakirimu wapiga kura. Watetezi wa haki za binadamu wakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo, ikiona vinambagua mgombea asiye na kitu na kuipa rushwa mlango halali. Kwenye kitabu cha sheria neno likafutika. Kwenye vinywa vyetu lingali zima.

Na si bahasha peke yake inayofunga deni. Nimekaa na watu ambao hawajawahi kugusa senti ya mgombea, wakijivunia hilo, na bado wamelipwa. Yupo aliyelipwa kwa ajira ya mpwa wake. Yupo aliyelipwa kwa kuitwa kwa jina mbele ya umati. Wapo wengi, huenda ndio wengi kuliko wote, wanaolipwa kwa furaha ya kumwona mgombea wa wale wengine akishindwa, ukiwaonyesha hesabu zilizokosewa watakujibu, "Hata wao walipokuwa madarakani waliiba." Hapo wizi unakuwa zamu. Mwizi akiwa wetu anaitwa mpambanaji, akikamatwa tunakodi magari kwenda kumwimbia nje ya mahakama. Nimewahi kuusikia wimbo huo kwa karibu, na walioimba walikuwa majirani wa ile zahanati isiyo na paa.

Wabrazili wana msemo wao tangu enzi za Adhemar de Barros, aliyekuwa gavana wa São Paulo: anaiba, lakini anafanya. Msemo huu una nguvu kwa sababu una ukweli nusu. Barabara ipo, unaikanyaga. Kisichoonekana ni kile ambacho kingejengwa kwa fedha iliyochukuliwa. Zahanati ambayo haikumalizika haina mgonjwa wa kutoa ushahidi, kwani mgonjwa hakufika. Kwa hiyo kwenye mizani ya macho yetu mwizi mchapakazi atashinda daima, mpaka tuzoee kuuliza mradi uligharimu kiasi gani, badala ya kuuliza tu kama upo.

Niliwahi kuamini kwamba tatizo ni kutojua. Watu wakipewa taarifa, nilisema, watafanya lililo sawa. India imenitikisa imani hiyo. Tangu Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iamuru, mwaka 2002, kwamba wagombea watangaze kwa kiapo kesi za jinai zinazowakabili, na kuusimamia uamuzi huo tena mwaka 2003, kila mpiga kura anaweza kusoma. Wabunge wa baraza la chini waliotangaza kuwa na kesi walikuwa takriban asilimia 24 baada ya uchaguzi wa 2004. Baada ya uchaguzi wa 2024 walifika asilimia 46. Watu walisoma, au waliweza kusoma, na wakachagua. Ukiwasikiliza, sababu yao si ujinga. Ofisi ya serikali haiwasikii, polisi haji, na wanamwona mtu mwenye kesi kama mtu mwenye mikono ya kuwafikishia mambo. Wanamkodi. Na aliyekodiwa hulipwa.

Brazil imenirudishia matumaini, ila kwa sharti. Kuanzia 2003 serikali kuu ilichagua halmashauri kwa bahati nasibu na kuzikagua, kisha ripoti zikatolewa hadharani. Watafiti waliofuatilia uchaguzi wa 2004 waligundua kwamba mameya walioonekana kuvuruga fedha waliadhibiwa kwenye sanduku la kura, na waliadhibiwa zaidi mahali ambapo palikuwa na redio ya eneo hilo. Mtu aliyesikia habari pamoja na wenzake, wakaijadili, alifanya nayo kitu. Lakini Mexico, mwaka 2009, watafiti walipogawa vipeperushi vya namna hiyo nyumba kwa nyumba, palipofichuliwa ufisadi mkubwa watu wengi zaidi walibaki nyumbani. Aliyekuwa madarakani alipoteza kura, na mpinzani wake naye akapoteza. Walichukizwa na wote. Naijua chuki hiyo, niliishi nayo uchaguzi mmoja mzima baada ya siku ya daftari. Nilikaa nyumbani nikijiona msafi, na matokeo yalipotangazwa yule yule alirudi kwa tofauti ya kura chache.

Sasa nifike kwenye mageuzi, kwa maana hapo ndipo tunapokosea zaidi na hapazungumzwi. Kashfa huwasha watu. Sheria huwasinzisha. Mwanasiasa anaweza kupoteza kiti kwa kashfa, lakini sijawahi kuona mwakilishi wa upande wangu akipoteza kiti kwa sababu alikwamisha muswada wa ununuzi wa umma, au wa kutangaza mali, au wa kumpa mkaguzi mkuu meno. Wanalijua hilo. Wanatupa hasira zetu tuzitafune, na kazi yenyewe inafanyika kwenye chumba tusichoingia.

Italia, mwaka 1992, wapelelezi wa Milano walifumua mtandao wa hongo uliovitikisa vyama vyote vikubwa. Aprili 1993 wananchi wakaitwa kwenye kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 90 wakakataa vyama vilipwe ruzuku na serikali. Kabla ya mwaka huo kwisha, Bunge lilipitisha sheria iliyovirudishia vyama fedha za umma kwa jina la gharama za uchaguzi. Lile lile, kwa vazi jingine. Guatemala, mwaka 2015, tume ya kimataifa iliyoitwa CICIG pamoja na waendesha mashtaka walifichua genge la forodha lililofika hadi ikulu. Watu walijaa uwanja wa mji mkuu Jumamosi baada ya Jumamosi, na mwanzoni mwa Septemba Rais Otto Pérez Molina akajiuzulu. Oktoba wakamchagua mchekeshaji wa televisheni, Jimmy Morales, aliyejinadi kwamba yeye si mfisadi wala si mwizi. Nani alimbana aseme ataifanyia nini ile tume ikigonga mlango wake? Ilipoanza kumchunguza yeye na jamaa zake, akaipiga vita, na Septemba 2019 ikafunga shughuli zake.

Nawaza sana juu ya zile Jumamosi. Ujasiri wa wale watu siwezi kuupima. Walifanya lililo gumu kabisa, kisha lililobaki, lile la kuchosha, likakosa watu.

Brazil hiyo hiyo walilifanya la kuchosha. Mwaka 1999 ilipatikana sheria ya kumvua kiti anayenunua kura, na ililetwa na wananchi wenyewe waliokusanya saini zaidi ya milioni moja. Mwaka 2010 wakarudi na saini zaidi ya milioni 1.3, na ikapitishwa sheria ya rekodi safi, inayomzuia kugombea kwa miaka 8 mtu aliyehukumiwa kwa makosa makubwa na jopo la majaji. Ufisadi haukwisha Brazil, kila anayefuatilia habari anajua. Ila milango miwili ilifungwa, na kila saini kati ya hizo ilikuwa ni mtu aliyesimama na kalamu mbele ya meza. Mimi nami niliwahi kusimama na kalamu mbele ya meza, ile ya nyuma ya ukumbi.

Kwa hiyo nilianza kusoma. Usiku mmoja nilitafuta kwenye kumbukumbu rasmi za vikao nijue mwakilishi wetu alifanya nini siku ya muswada wa kuwataka viongozi watangaze mali zao hadharani. Nilitarajia kukuta amepinga. Sikukuta hotuba yake hata moja. Nikasoma kurasa zote za siku ile, na mwishoni kabisa, mistari miwili: mjumbe mmoja amesimama kuhoji akidi, spika ameagiza kengele ipigwe, waliorudi ukumbini hawakutosha, kikao kimeahirishwa. Muswada haukurudi tena mezani hadi Bunge lilipovunjwa. Hakuna aliyeupinga, na hakuna jina la kumlaumu. Walitoka tu nje, wakasubiri kengele inyamaze. Mji mzima hatukujua, na asubuhi yake, nakumbuka kwa sababu niliangalia tarehe, tulikuwa tukibishana vikali juu ya mbunge mwingine aliyenaswa akitukana kwenye simu.

Kampeni zilipofika nilikwenda kwenye mkutano wake. Maswali yalikuwa ya kawaida. Mmoja aliomba jezi za timu ya vijana. Mwingine aliomba asaidiwe ada ya mwanawe, na alisaidiwa pale pale, umati ukashangilia. Mama mmoja alitaka mabati ya nyumba ya ibada. Zote ni haja za kweli, na kila moja ilikuwa deni likifungwa mbele ya macho yangu. Nilipopewa kipaza sauti mikono ilikuwa inatetemeka. Nilitaja tarehe ya kikao kile, nikauliza, "Mheshimiwa, kengele ilipopigwa ulikuwa wapi?"

Kulikuwa na minong'ono. Mtu nyuma yangu alisema niache kupoteza muda. Mheshimiwa alitabasamu, akasema swali zuri sana, atalifanyia kazi, akageukia upande mwingine. Nilidhani yameishia hapo.

Watu walipoanza kutawanyika, msaidizi alinifuata. Si yule wa siku ile, huyu alikuwa mdogo zaidi, ila daftari lilikuwa la aina ile ile. Alinisalimu kwa heshima akanionyesha ukurasa uliopigwa mistari kwa rula: jina, namba ya simu, shida. Akaandika jina langu. Akaandika namba. Kisha akainua macho, kalamu ikiwa juu ya safu ya tatu.

"Mzee wangu, shida yako hasa ni ipi, tukusaidie?"

Nikamwambia sina shida, nataka jibu la swali langu. Alilitazama daftari, akanitazama mimi, akalitazama tena, kalamu bado iko hewani.